Mto Nyamwamba na Kura Zangu

Muhuri wa kijiji ulilala nyumbani kwangu kila mwenyekiti aliposafiri. Mpini wake ulikuwa wa mbao, umelainika kwa jasho la viganja, na pedi ya wino tuliizimua kwa matone ya maji pale hela ya wino ilipokosekana. Watu walibisha hodi kabla jua halijachomoza. Huyu anataka barua ya kwenda kumwombea mtoto dhamana polisi, yule barua ya shule, mwingine anauza kiwanja na anataka mkono wa LC, yaani baraza la kijiji, uwepo kwenye karatasi. Ndiyo siasa niliyoanza nayo mwaka 2001, nilipopitishwa kuwa makamu mwenyekiti wa LC1 katika kambi moja ya wachimba mgodi hapa Kilembe, juu ya mji wa Kasese.

Kwa sheria yetu ya Uganda, makamu wa LC1 ndiye mwenye dhamana ya watoto wa kijiji. Mtoto akipigwa kupita kiasi, akinyimwa chakula na mama wa kambo, akiachishwa shule ili aolewe, mlango wa kwanza kugongwa ni wangu. Nilijifunza kumsikiliza mtoto bila mzazi kuwa karibu, na kumsikiliza mzazi bila kumwaibisha mbele ya mtoto wake. Mafunzo hayo yalinifaa zaidi ya semina zote nilizoitwa baadaye.

Tulidhani tunakaa kwa muda mfupi. Lakini baada ya 2001 uchaguzi wa kijiji haukufanyika tena hadi tarehe 10 Julai 2018, watu walipopanga mlolongo nyuma ya wagombea wao. Miaka kumi na saba mwenyekiti alibaki na muhuri uleule, na alichopewa na serikali ni shilingi 120,000 kwa mwaka. Nasema hivi kwa sababu wengi huwalaumu wenyeviti kwa kutoza hela ya barua. Silitetei kosa hilo, ila nataka lijulikane lilianzia wapi.

Mimi ni mtoto wa mgodi. Baba alitoka upande wa Congo kuja kuchimba shaba, siku ambazo reli ilikuwa imefika Kasese, tangu 1956, na mabehewa yakishuka na shaba hadi bahari ya Mombasa. Kambini Mkonzo, Mkiga, Mjaluo na Mkongomani waliitana kwa Kiswahili, maana huko chini shimoni ukimwonya mwenzako kwa lugha asiyoijua, umemuua. Mgodi uliposimama mwaka 1982 wanaume walibaki na mikono mitupu, lakini nyumba za kampuni zilibaki na watu ndani, mistari kwa mistari, mingine juu mlimani na mingine chini kabisa, karibu na mto Nyamwamba. Mama alitulea kwa kuuza bundu, ugali wetu wa muhogo, na sombe, majani ya muhogo. Mimi nilijifunza cherehani.

Kasese ilipokuwa manispaa, wanawake wa kikundi chetu cha kuweka akiba walinisukuma nigombee ukansala, yaani udiwani, wa divisheni moja ya manispaa hiyo, kiti cha wanawake. Uchaguzi wa 2011 nikapita. Kuna jambo kuhusu kiti hicho ambalo wapiga kura wengi hawalijui: sheria inataka theluthi moja ya baraza iwe wanawake, na kwa kuwa viti hivyo ni vichache, kansala mwanamke huwakilisha eneo kubwa kuliko mwenzake wa kiti cha kawaida. Mwenzangu alikuwa na wodi moja, mimi nilikuwa na mbili, na katikati yake mlima. Malipo ya kikao ni yaleyale. Nilivaa viatu vya mpira vya bluu, vile vya shambani, viatu vizuri nikavibeba kwenye mfuko wa rambo na kuvivaa nikifika mlangoni mwa ofisi.

Vikao vitatu vya mwanzo sikufungua mdomo. Makabrasha yalikuwa ya Kiingereza, mazito, na wenzangu walipitisha kurasa kama watu wanaotafuta wimbo kanisani. Mzee mmoja aliyekuwa kwenye baraza tangu enzi za RC, mabaraza yaliyotangulia LC, aliniona nahangaika, akasogeza kiti chake. Akaniambia, "Mama, usianze mbele. Anza na majedwali ya nyuma, uone hela inatoka wapi. Ukishaona, haya maneno ya mbele utayaelewa."

Nikafanya hivyo usiku, kwa taa ya sola, na kilichonishtua ni udogo wa kile tulichokuwa tunakigombania. Hela nyingi ilishuka kutoka Kampala ikiwa na jina lake tayari: hii ya shule, hii ya barabara fulani, hii ya zahanati. Huwezi kuihamisha. Yetu wenyewe ilikuwa leseni za biashara, ushuru wa soko na vitu vidogo vya namna hiyo, kwa kuwa kodi ya kichwa iliondolewa mwaka 2005. Na sheria inazuia baraza kujilipa zaidi ya asilimia 20 ya mapato ya ndani ya mwaka uliotangulia. Kwa hiyo mwaka ambao soko halikukusanya vizuri, tulikaa vikao bila malipo, tukaenda nyumbani kwa miguu.

Lakini nje ya ofisi wewe ni "mheshimiwa". Msiba ukitokea unasubiriwa. Harusi unasubiriwa. Mgonjwa akihitaji boda boda saa nane usiku, simu inalia kwako. Nilishona sare za shule za watoto wa watu usiku kucha ili nipate cha kutoa msibani asubuhi. Sijutii. Ila nawaambia wanaotaka kugombea: mwulize kwanza mwenzio wa nyumbani kama amekubali, kwa sababu mume wangu ndiye aliyelipa sehemu kubwa ya ukansala wangu.

Nililojivunia zaidi katika muhula wa kwanza ni mfereji. Mfereji wa maji ya mvua, kando ya barabara inayopanda kambini, mita mia na kitu. Mkandarasi alimaliza, akataka malipo. Mimi nilikuwa nimepata nakala ya mchanganuo wa kazi, imeandikwa kina sentimita 60. Nikapita pale jioni nikitoka kumpelekea mteja gauni, na futi yangu ya kushonea iko shingoni kama kawaida. Nikaingia mfereji ule na viatu vyangu vya bluu, nikapima. Arobaini na moja. Nikasogea mbele, thelathini na nane. Nikasogea tena, arobaini na tatu. Niliandika vipimo hivyo kwenye daftari la oda, kati ya kiuno cha mteja mmoja na mabega ya mwingine, pamoja na tarehe na saa.

Kwenye kikao nilimwomba spika nafasi, nikasoma tarakimu zile tatu. Hakuna zaidi. Aliyesimamia kazi ile akasema futi ya nguo inanyooka, haiwezi kupima ujenzi. Nikaitoa, nikaomba tupime meza ya kikao, yeye kwa futi yake ya chuma na mimi kwa yangu. Zikalingana. Chumba kikawa kimya. Ndipo nikafanya lile ambalo mzee wangu wa baraza alikuwa amenifundisha: nikamwomba karani anisomee alichoandika kwenye muhtasari, neno kwa neno, kabla hatujaenda ajenda nyingine. Alikuwa ameandika "kansala alitoa maoni kuhusu mfereji". Nikaomba iandikwe 41, 38, 43, na kwamba mkataba unasema 60. Ikaandikwa. Baada ya hapo hakuna ofisa ambaye angeweka sahihi ya malipo, kwa kuwa mkaguzi wa hesabu husoma mihtasari. Wiki tatu baadaye vijana walikuwa mferejini na majembe.

Ningependa simulizi yangu yote iwe ya mfereji. Lakini kuna mto.

Tarehe 1 Mei 2013, sikukuu ya wafanyakazi, Nyamwamba ulishuka kutoka Rwenzori kwa namna ambayo hatukuwahi kuiona. Mvua kubwa ilinyesha juu, na mwaka uliotangulia moto ulikuwa umeunguza misitu ya bonde la juu, hivyo hakukuwa na cha kushika udongo. Sauti ndiyo iliyotangulia. Yalikuwa mawe yanagongana ndani ya maji, mawe makubwa kama pikapu, na nyumba zikatetemeka kabla maji hayajafika. Watu walikufa. Madaraja yakaenda. Hospitali ya mgodi ikaingiwa na matope. Mwaka uliofuata mto ukarudi tena.

Katika wiki zile nilitembea na mhandisi mmoja aliyekuja kukagua uharibifu. Tulisimama mahali ambapo maji yalikuwa yameikata kingo kama mkate, urefu wa mtu. Alichuchumaa akanionyesha kwa kidole. Juu kulikuwa na udongo mweusi wa bustani, mizizi ya maharage bado inaning'inia. Chini yake mchanga. Chini ya mchanga, safu ya mawe ya mviringo, laini. Alichomoa moja akanipa mkononi, dogo, kama yai la bata. "Jiwe halizaliwi hivi, mama," akasema. "Limeviringishwa na maji miaka na miaka." Nikageuka kuangalia. Safu ile ilikuwa inaendelea chini ya bustani, chini ya choo, chini ya mistari ya chini ya nyumba za kambi. Tulikuwa tumelala juu ya kitanda cha mto.

Akaniambia pia kwamba mto umejaa mawe kiasi kwamba hauna tena kina. Tingatinga likija kuyasukuma pembeni, mvua nyingine inayarudisha. Kuzuia kweli kunahitaji kazi kubwa ya serikali kuu, kuanzia juu mlimani, na hata hiyo isingewafanya watu wa mistari ya chini walale salama. Wanatakiwa kuhama. Kanuni za mazingira za mwaka 2000 zenyewe zinataka hata mto mdogo uachiwe mita 30 kila upande. Kwetu nyumba nyingine zilikuwa mita kumi.

Nililisema jambo hilo mara moja, mwaka 2014, kwenye mkutano wa hadhara chini ya mwembe. Nilizomewa. Mama mmoja niliyemshonea nguo ya harusi ya binti yake alisimama akauliza, "Tuhame twende wapi? Una shamba la kutupa?" Sikuwa nalo. Nikakaa chini.

Kampeni za 2016 zilipoanza, wakala wangu aliniketisha jikoni kwangu akahesabu kura kwa vidole, mstari kwa mstari. "Ukitaja kuhama, dada, mistari yote ya chini imekwenda. Mwenzako atawapa sabuni na chumvi ya Katwe, na wewe unawapa habari ya kuhama?" Nilijua anasema kweli kuhusu kura. Jioni ile nikasimama mbele ya watu, na mdomo wangu ukasema nitapigania ukuta. Ukuta wa mawe yaliyofungwa kwa nyavu za waya, pande zote mbili za mto. Vigelegele vikapigwa. Nililijua kabrasha la bajeti yetu kwa kichwa, majedwali ya nyuma na ya mbele. Nilijua mapato ya ndani ya divisheni yasingejenga hata mita chache za ukuta huo. Kupigania ningeweza kupigania, kwa hiyo nilijiambia sijasema uongo.

Kulikuwa na mzee pale, rafiki wa baba, waliingia shimoni zamu moja. Nyumba yake ilikuwa ya pili kutoka mtoni. Mkutano ulipoisha alinisubiri pembeni, na fimbo yake. "Mwanangu, ule ukuta utakuja?"

"Utakuja, mzee."

Sikujua wakati ule kwamba mwanawe alikuwa amemwita ahamie mji wa Hima. Mzee alikuwa ameshafunga virago. Akavifungua. Hela aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya safari na chumba, akanunua mabati mapya kwa sababu ukuta unakuja. Niliyaona yaking'aa nikipita kwenda kwenye vikao, nikafurahi kwamba mzee ana mabati mapya.

Nilishinda. Niliandika barua tatu kuhusu mto, nikaongea kwenye mkutano wa bajeti, tingatinga likaja likasukuma mawe, likaondoka. Nilijiona nafanya kazi.

Mei 2020 tulikuwa kwenye karantini ya korona. Boda boda haziruhusiwi kubeba abiria, jioni amri ya kutotoka nje. Nyamwamba ukashuka, na siku hiyohiyo mito mingine ya wilaya yetu nayo ikafurika. Hospitali ya Kilembe ilivunjwa vibaya kiasi kwamba wagonjwa walihamishwa na majengo yakafungwa. Mistari ya chini ya kambi yetu iliondoka. Nilisimama juu na tochi, nikiita majina, na kelele za mawe zilikuwa kubwa hata sikujisikia mwenyewe. Mzee alitolewa na kijana wa jirani mgongoni, maji yakiwa kiunoni. Bati moja la yale mapya tulilikuta siku ya pili limejikunja kwenye jiwe kama karatasi, mbali sana kule chini.

Waliokosa makazi walipelekwa kambini Muhokya. Nilichukua wiki mbili kabla sijaenda, na nilijipa sababu kwamba usafiri ni shida. Nilimkuta mzee amekaa mbele ya hema kwenye kigoda, ananyoa ndevu bila kioo. Nikapiga magoti nikamsalimu, kama ninavyomsalimu siku zote. Nikamwambia mwenyewe, kabla hajauliza, kwamba nilijua. Kwamba mhandisi alinionyesha mawe tangu 2013, kwamba nilijua ukuta hauna hela. Aliendelea kunyoa upande uliobaki. Kisha akasema, "Kura yangu ulikuwa nayo tangu siku baba yako alipokuleta nyumbani kwangu umefungwa kwenye kitenge. Ungesema tu."

Uchaguzi wa 2021 nilishindwa, katika zile kampeni za redioni. Aliyenishinda ni msichana wa rika la binti yangu wa kwanza. Sikuwa na kinyongo naye. Miezi michache baadaye alikuja nyumbani, akasita mlangoni, akaniita "mama kansala" ingawa kiti kilikuwa chake. Nikampa chai. Alitaka nimfundishe kusoma bajeti. Nilimwambia aanze nyuma, kwenye majedwali. Nikamweleza kudai muhtasari usomwe. Nikampa ile futi yangu ya mfereji.

Kisha akafungua daftari lake la ahadi, akaniuliza ukuta wa mto unaombewa wapi. Na yeye alikuwa ameuahidi.

Sikumjibu. Jumamosi iliyofuata tulipanda teksi pamoja hadi Muhokya. Mzee alikuwa bado yupo, hema limechakaa, wameezeka kipande cha turubai juu yake. Nikamtambulisha: "Mzee, huyu ndiye kansala wetu sasa." Akamkaribisha kigoda, yeye akakaa kwenye dumu la maji.

"Nisomee uliyoandika," akamwambia.

Msichana akasoma. Taa za barabarani. Mikopo ya wanawake. Choo cha soko. Akafika kwenye ukuta.

"Huo hela yake iko wapi?"

Akanitazama mimi. Nikatazama chini, kwa kuwa lilikuwa swali lake, si langu tena. Mwishowe akasema, kwa sauti ndogo, "Sijui, babu."

"Basi na watu waambie hivyo hivyo. Sisi tunataka ardhi. Hiyo inaandikiwa wapi?"

"Wilayani. Na ofisi ya Waziri Mkuu, kitengo cha maafa," nikasema, kwa kuwa hilo nililijua.

Alikata mstari juu ya ukuta, akageuza ukurasa mpya. Akaandika juu kabisa: ardhi ya kuhamia. Mzee akavuta dumu lake karibu, akainama kuangalia kalamu inavyokwenda.

"Andika na majina," akasema. "Anza na langu." Akamtajia herufi moja moja, mpaka alipohakikisha limeandikwa sawasawa, kisha akaelekeza fimbo yake kwenye hema la pili, akamwambia aende pale.